Miguu Yangu Iliwaka Bila Moshi

Kabla hujaanza, samahani. Mwandiko wangu unafanana na njia ya kuku aliyekimbia juu ya kahawa mbichi, na tahajia yangu haina mwenyewe. Niliishia darasa la saba, na mpaka leo herufi l na r hubadilishana viti nikigeuka kidogo tu. Ninaandika polepole: sentensi tatu, halafu chai. Lakini kuzungumza ndiko kubaya zaidi. Watu wawili wakinitazama kwa pamoja, maneno yangu yote hurudi tumboni. Karatasi hainitazami, kwa hiyo nitaiambia habari za miguu yangu.

Ninakaa Bwera, mji wa mpakani, kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye mji mzima unamwita Haji. Hununua kahawa kwa watu wa vilimani, huianika uani kwake, kisha malori yake mawili huipeleka Kasese. Uani yametandazwa maturubai makubwa, na kahawa hugeuzwa kwa miguu. Unavua viatu, unaingia, unaburuta nyayo kwenda na kurudi bila kuziinua, na nyuma yako inabaki mistari kama ya shamba lililolimwa. Reki ipo, lakini mjomba anaidharau. Anasema reki haina akili, haijui chini kukoje. Mguu unajua. Ukipita mahali ukasikia ubaridi kidogo chini ya kahawa, hapo unyevu umejificha, unaurudia. Ukisikia vuguvugu sawasawa pande zote, kahawa inakaribia kukauka.

Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Ninasema bila haya kwa sababu ni jambo moja tu. Shuleni sikuwa hodari, mpirani sikuwa hodari, mbele ya wasichana nilikuwa kama gunia. Lakini nyayo zangu ziliusoma unyevu kuliko za mtu yeyote pale uani, na mjomba alikuwa akiwaambia wanunuzi, “Hii imepita chini ya mguu ya huyu kijana.” Mimi nilikuwa ninajificha nyuma ya lori huku nikifurahi.

Nilipofika miaka kumi na tisa vidole gumba vya miguu vikaanza kuwaka.

Mwanzoni ilikuwa kama nimevaa soksi zilizofuliwa kwa pilipili. Baadaye sindano zikaongezeka, na soksi zikapanda mpaka kwenye vifundo. Shuka likigusa vidole ninaruka. Ila kutembea ninatembea, kubeba gunia ninabeba. Na ukiutazama mguu wenyewe, ni mguu mzuri kabisa. Hakuna uvimbe, hakuna kidonda, hakuna hata upele wa kuombea huruma. Mtu mwenye haya anahitaji ugonjwa unaojieleza wenyewe. Mwenye busha haulizwi ushahidi.

Zahanati ya kwanza walisema malaria. Nikameza dawa, miguu ikaendelea kuwaka. Ya pili walisema taifodi. Huku kwetu hata ukienda na jino bovu unaweza kutoka na taifodi, kwa hiyo sikushangaa. Ya tatu mhudumu aliniambia ni vidonda vya tumbo. Nilikusanya ujasiri wa mwezi mzima nikamwambia kwamba tumbo liko juu na miguu iko chini. Akanijibu kwamba vinateremka.

Kwenye lango letu anakaa mama mmoja Mkongo, mjane kutoka upande wa Butembo, anayeuza makayabo, yale mapande ya samaki wa chumvi. Alivuka mpaka na wanawe vita ilipowafikia, na tangu hapo ni kama mama mdogo wa uani. Yeye aliangalia miguu yangu kwa muda mrefu akasema, “Mutoto, iko inawaka na hakuna moto fasi yoyote. Ile haiko ya dawa.” Akaleta maji ya baraka kutoka kanisani kwake akanimwagia. Mimi ni Mwislamu, lakini maji yale yalikuwa baridi, na kwa dakika mbili nilikuwa Mkatoliki mzuri sana.

Tuko wawili wa kugeuza kahawa. Mwenzangu ni mtu mzima, ana watoto watatu kule Nyakiyumbu, na mdomo wake haupumziki. Siku nilipoanza kukaa kwenye kiroba kila baada ya mistari michache ili nipulize vidole, ndiye aliyenipa jina.

“Waziri,” aliniambia, “leo baraza yako nakaa saa ngapi?”

Wapakiaji wakacheka. Kuanzia hapo nikawa Waziri. Nikipita wanasimama. Nikikaa mmoja ananiletea kopo tupu na kusema ni chai ya mheshimiwa.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kukatokea jambo la kahawa. Mjomba aliniuliza kuhusu turubai la upande wa ukuta, nami nikapita mara mbili, nikasikia moto wangu wa kila siku na zaidi ya huo hakuna kitu, nikamwambia imekauka. Ikatiwa kwenye magunia. Baada ya siku chache magunia yakafunguliwa, na harufu ikatutangaza mpaka barabarani. Ukungu. Mjomba alichukua konzi moja ya kahawa iliyooza akaniwekea kiganjani.

“Wewe hukupita,” alisema. “Ulikaa, halafu wewe nasema imekauka.”

“Nilipita, mjomba.”

“Mguu yako ile naijua. Mguu yako haiwezi kosa hii. Kwa hiyo hukupita.”

Ona taabu yangu. Sifa yangu ndiyo iliyonifunga.

Hata hivyo mjomba si mtu mbaya. Alinipakia kwenye lori lililokuwa likienda mbali, kwenye mji mkubwa wenye mashine ya kupima neva, yaani zile kamba za mwilini zinazobeba habari kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye ubongo. Walinibandika waya miguuni wakanipiga umeme kidogo kidogo, miguu ikawa inaruka yenyewe kama chura kwenye sahani. Bwana wa mashine alitazama kioo, akaandika, akanipa karatasi: neva zako ni nzima, zote.

Mjomba aliisoma karatasi ile uani, kwa sauti, wapakiaji wakiwa wamekaa. Aliisoma mara mbili. Kisha akanivuta pembeni, jambo ambalo ninamshukuru.

“Mashine haina ndugu,” alisema. “Haikupendi, haikuchukii. Imesema wewe mzima. Sasa sikia. Msimu hii ikiisha, wewe narudi kwa mama yako Munkunyu. Na mimi nitamwambia kweli: mtoto yako si mgonjwa. Ni mwongo.”

Kurudi Munkunyu si adhabu. Kuna mihogo, kuna mbuzi, kuna mama. Lakini kurudi huku neno hilo limenitangulia, hiyo ni habari nyingine. Kilima chetu ni kidogo. Neno “mwongo” likishapanda kule halina haja ya kushuka tena, litaoa, litazaa, litazikwa pamoja nami. Na mama humwamini kaka yake kuliko redio.

Kibaya zaidi, nilianza kujishuku mwenyewe. Nilikuwa ninakaa chooni, mahali pekee penye faragha, nikiiuliza miguu yangu: nyinyi mnadanganya? Ilijibu kwa kuwaka.

Yule mama wa makayabo ndiye aliyekuja na mpango. “Mutoto yangu,” alisema, “kwetu moto inafukuzwaka na moto. Twende kwa maji ya moto.”

Alimaanisha chemchemi za maji ya moto kule milimani, juu ya Kilembe. Watu huenda kule na migongo yao, magoti yao na nadhiri zao, wanakaa majini mpaka wanaiva. Ukiugua kitu chochote cha mifupa katika wilaya hii, mtu atakutuma kule kabla hujamaliza kueleza. Tukaenda. Wanawake wana sehemu yao, kwa hiyo mama akashuka kwake, mimi nikabaki na wazee wa kiume. Wazee walikuwa wamekaa kwenye dimbwi la chini na kuugulia kwa raha. Dimbwi la juu, pale maji yanapotoka mwambani, halikuwa na mtu.

Mimi na haya zangu sikutaka kuvua viatu mbele ya wazee. Nikapanda kule juu, nikakaa kwenye jiwe, nikatumbukiza miguu.

Mzee mmoja aliniita. “Kijana, hapo hapakaliwi.”

“Ni ya uvuguvugu tu, baba,” nilimjibu.

Wazee wakatazamana. “Huyu atakuwa ametoka jeshini,” mmoja alisema, wengine wakakubali kwa vichwa.

Nilikaa labda robo saa. Nilikuwa ninamwombea mama yule heri kwa wazo lake, kwa sababu moto wangu haukupungua ila pia haukuongezeka. Nilipotoa miguu ilikuwa myekundu kama nyama ya buchani, na kabla sijafika kwenye viatu malengelenge yalikuwa yameanza kuumuka. Mama aliponiona alijishika kichwa. Alinirudisha Bwera nyuma ya pikipiki, miguu yangu ikiwa imefungwa kwa kitenge chake, akisali njia nzima, na mara kwa mara katikati ya sala akinitukana.

Mjomba alicheka kwanza. Aliyeungua kwa hiari yake anachekwa, ndiyo desturi. Halafu akafungua kitenge, na kicheko kikaishia njiani. Aliwasha lori tupu akanipeleka Kasese, kwenye kliniki ambako daktari mmoja wa neva alikuwa amekuja kwa siku chache.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, aliyekulia kwenye kambi za jeshi na baba askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Hakukuwa na tafadhali. “Kaa. Mguu juu. Nani amekupika?”

Nilimweleza kwa sauti ya chini. Alikuwa ananisafisha malengelenge huku akisikiliza nusu nusu, mpaka nilipofika kwenye uvuguvugu. Mkono wake ukasimama.

“Rudia. Maji ulisikia namna gani?”

“Uvuguvugu.”

“Na miguu inawaka kila siku?”

“Kila siku, afande,” nilisema. Lilinitoka tu. Alilipokea kama haki yake.

Akaanza kuuliza, na maswali yake hayakufanana na ya mtu yeyote kabla yake. Ilianza wapi? Vidoleni, au mahali pengine? Ilipanda miguu yote miwili sawasawa? Shuka linauma? Jasho je, miguu inatoka jasho kama zamani? Nikagundua kwamba haitoki, sikuwa nimewahi kufikiria. Ukisimama ghafla unasikia kizunguzungu? Alitaka kujua kama nimewahi kunywa dawa za kifua kikuu, kama ninakunywa pombe, kama nyumbani kuna mwenye sukari. Niliongea siku ile kuliko mwaka mzima.

Kisha akatoa vyombo. “Lala. Funga macho. Ukisikia, sema.” Akagonga goti kwa kinyundo, likaruka. Akanisukumia vidole juu na chini, nikamwambia kila upande sawasawa. Akaweka chuma kinachotetema kwenye kifundo, nikausikia mtetemo. Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa kikohozi cha mtu aliyesema toka zamani.

“Bado,” daktari alimwambia bila kugeuka.

Akachukua kijiti chenye ncha, akaanza juu ya goti akiteremka. Gotini kilikuwa kikali. Chini ya muundi kikawa butu. Kwenye mguu, pale palipobaki ngozi nzima, kilikuwa kama kidole cha mtoto. Akatuma mtu alete soda ya baridi kutoka kwenye friji. Aliigusisha chupa kwenye paja, nikashtuka. Akaiweka juu ya mguu, karibu na vidole.

“Hii nini?”

“Ni kitu.”

“Baridi au moto?”

Nilifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jibu la hesabu. “Ni kitu tu,” nikasema.

Nilipofungua macho chupa ilikuwa bado juu ya mguu wangu, ikitoa jasho, na matone yalikuwa yanateremka katikati ya vidole. Mjomba alikuwa anayatazama matone yale.

Mjomba alitoa karatasi ya mashine. Anatembea nayo mfukoni kama leseni. “Dokta, na hii? Mashine imesema mzima.”

“Mashine imesema kweli,” daktari alijibu. “Haji, wewe mtu wa Bwera. Pale mpakani kahawa inavuka njia gani?”

Mjomba akavaa uso wa msikitini. “Kwa barabara, dokta. Kwa lori, na karatasi zake.”

“Yote?”

Mjomba akavua kofia, akaanza kuikung'uta vumbi.

“Kuna barabara ya lami, na kuna njia za panya,” daktari alisema. “Neva kubwa ni lami. Inabeba mguso, mtetemo, nguvu ya misuli. Mashine ile ni kizuizi cha barabarani, inahesabu malori. Lakini maumivu, moto, baridi, jasho, hivyo vinapita kwa nyuzi ndogo kabisa, nyembamba, kwenye ngozi. Panya. Kizuizi cha lami hakijui panya. Kwa kijana huyu lami iko safi. Njia za panya zimeharibika. Zingine zimekufa, ndiyo maana hasikii joto wala baridi. Zingine ziko nusu hai na zinapiga kelele usiku na mchana, moto, moto, wakati hakuna moto.”

Akataja jina la ugonjwa, la kizungu, refu kama treni. Kwa Kiswahili alisema tuuite ugonjwa wa nyuzi ndogo za neva.

“Jina refu hivi kwa mguu mfupi hivi,” mjomba alisema. Lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayefikiria jambo jingine. Kisha akauliza, “Dokta, kwa hiyo mtu kama huyu, akipita juu ya kahawa yenye maji chini, atasikia?”

“Atasikia mawe. Atasikia kahawa inasogea. Ubaridi hatasikia.”

Mjomba akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Sijawahi kumwona akikaa mahali bila kukaribishwa. Alikaa hivyo, kofia mkononi, na nilijua kwamba anarudi kwenye lile turubai la upande wa ukuta, mstari kwa mstari, na kwamba safari hii ananiona nikipita.

Daktari alisema hadithi yangu na kijiti chake vinamtosha kushuku, lakini alitaka uthibitisho. Akanichoma ganzi juu kidogo ya kifundo akatoa kipande cha ngozi, duara dogo kama punje ya ulezi. Akatoa kingine kwenye paja. Vikatumbukizwa kwenye vichupa vya kupelekwa mbali, ambako watu wenye darubini huhesabu ncha za zile nyuzi. Damu pia ilichukuliwa, ya kutafuta sukari, virusi, upungufu wa vitamini na mambo mengine. Mjomba alitaka kujua kama ngozi ile itarudishwa.

Majibu yalichukua wiki nyingi, msimu ukaisha kabla hayajafika. Mjomba hakutaja Munkunyu. Yalipofika, daktari aliyasoma kwa simu: pajani nyuzi zipo za kutosha, juu ya kifundo ni chache sana kuliko inavyotakiwa. Ugonjwa ni ule ule. Na damu haikuonyesha sababu. Alisema kwa wengi sababu haionekani, na kwamba dawa anayonipa itapunguza kelele, haitaotesha nyuzi. Pia alisema nivae viatu siku zote na niyapime maji kwa kiwiko kabla ya kuoga, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Siku iliyofuata mjomba aliwakusanya watu wa uani. Nilitafuta lori la kujificha nyuma yake, yote yalikuwa Kasese.

“Huyu hakusema uwongo,” alisema. “Kuanzia leo, anayemwita Waziri atageuza maturubai yote peke yake. Yeye atakuwa wa meno.” Kuwa wa meno ni kukaa kwenye kiti chini ya paa na kuuma punje moja moja, kusikiliza kama zimekauka. “Meno yako ziko na nyuzi?” aliniuliza pembeni. Nikamwambia nadhani zipo. Mama wa makayabo alituma habari Munkunyu kabla ya mjomba, na katika habari hiyo yeye ndiye aliyegundua ugonjwa, kwa kunipeleka majini.

Ningeishia hapo, ningeonekana mtu mzuri. Lakini kuna lililotokea baadaye.

Yule mwenzangu wa Nyakiyumbu alinijia mchana mmoja wengine wakiwa wanakula. Hakufanya mzaha. Alisimama mbele ya kiti changu na kandambili mkononi.

“Ndugu yangu,” alisema, “na mimi yangu inawaka.”

Nilikuwa na soda karibu. Sikumuuliza ilianza wapi. Nilimwambia afunge macho, nikambandika chupa mguuni, akaruka.

“Baridi,” alisema.

“Basi wewe mzima,” nikamwambia. “Unataka kiti changu tu.”

Alinitazama kidogo, akavaa kandambili, akarudi kwenye turubai. Na mimi nilikuwa na furaha siku ile, ninakiri, furaha tamu kabisa. Siku mbili zilipita kabla sijakumbuka kwamba daktari alianza kwa kuuliza na kusikiliza, na kwamba chupa ilikuja mwisho. Alipokuja tena Kasese nilikwenda kuchukua dawa, nikamuuliza. Alisema mtu anaweza kuisikia chupa vizuri na bado nyuzi zake zikawa na ugonjwa, hasa mwanzoni, na kwamba chupa peke yake haimwachii huru mtu wala haimfungi. “Nani alikupa udaktari?” aliniuliza. Nilitazama sakafu.

Niliporudi uani, yule mwenzangu alikuwa ameshaondoka. Aliwaambia wapakiaji kazi imemchosha. Nilimpigia simu, haipatikani. Nilimtuma mtu wa pikipiki Nyakiyumbu, akarudi akisema amekwenda kutafuta kibarua upande wa Bugoye, na hakuna ajuaye hasa ni wapi. Mjomba alisema nimwache, mtu mzima hapotei. Lakini mimi ninajua jinsi mtu anavyojiuliza akiwa chooni peke yake.

Ndiyo maana nimeandika haya yote, kwa mwendo wangu wa konokono. Wewe unayesoma, kama miguu yako inawaka na hakuna anayeona moto, niandikie, kupitia kwa huyo aliyekupa karatasi hii. Andika hata kama mwandiko ni mbaya. Niambie ilianza kidole gani, ilipanda vipi, shuka linakufanya nini. Na kama uko Bugoye, una watoto watatu na mdomo usiopumzika, andika wewe kwanza. Sitakuletea chupa. Nitasoma mpaka mwisho, polepole, na nitakujibu.